Kwa nini stika ya gari Kent si dola 30, na hela ya mafuta inaishia wapi

Swali limetoka kwa dada mmoja anayeishi Kent, kusini mwa Seattle, katika jimbo la Washington. Nimelifupisha:

"Habari Mwalimu. Nimehamia hapa na wanangu kutoka Dar miaka mitatu iliyopita. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, kwa hiyo gari ndiyo miguu yangu. Mwezi uliopita nimelipia usajili wa Toyota Camry yangu, bili imekuja karibu dola 300. Wenyeji kazini wananiambia wananchi walishapiga kura stika iwe dola 30 tu. Kule nyumbani tulifutiwa kabisa ile ada ya mwaka ya gari. Hapa nalipa stika, nalipa leseni baada ya kupanga foleni, kila lita ya mafuta ina kodi ndani, halafu barabara ya 167 inanirusha kama niko njia ya Mbagala enzi zile. Mwenzangu mmoja amenishauri nitumie anwani ya rafiki yake wa Yakima ili nilipe kidogo. Jimbo linapangaje bajeti ya barabara na magari, na nani anaamua? Nimeona nikuulize wewe maana ndiyo kazi yako."

Nzuri, dada. Nianze na hiyo bili, kwa sababu ndani yake kuna jibu la nusu ya maswali yako.

Bili hiyo hailipi kitu kimoja. Idara ya Leseni ya jimbo inakusanya kwa mkono mmoja hela za watu wengi, kama kondakta anayekusanya nauli ya abiria na ya mizigo kwa pamoja. Mstari wa kwanza ni ada ya msingi ya usajili, na hiyo kweli ni dola 30. Wenzako kazini hawakukudanganya. Chini yake kuna ada ya uzito: gari likiwa zito unalipa zaidi, na sedani kama yako imo daraja la chini kabisa. Halafu zipo ada ndogondogo za ofisi. Kuna pia dola 5 za hifadhi za jimbo. Hizo ni mchango wa hiari, lakini mfumo unaziweka wenyewe mpaka wewe uzikatae. Watu wengi wa kwetu wamekuwa wakizilipa miaka yote wakidhani ni kodi. Ukipenda kuchangia, changia kwa kujua. Hizo hifadhi ni nzuri na zinahitaji hela.

Mstari uliokuumiza ni mmoja tu, kodi ya Sound Transit. Hii si ya jimbo. Ni ya mamlaka ya kikanda inayojenga treni ya mjini na kuendesha mabasi ya masafa katika kaunti za King, Pierce na Snohomish, na wapiga kura wa eneo hilo ndio walioipitisha. Mwaka 1996 walikubali asilimia 0.3 ya thamani ya gari. Novemba 2016 wakaongeza asilimia 0.8, na tangu Machi 2017 jumla ni asilimia 1.1. Hesabu yake ni rahisi: gari likihesabiwa lina thamani ya dola 18,000, kodi ni dola 198. Ukitoa hiyo kwenye bili yako, kinachobaki hakitakushtua tena.

Tatizo halisi liko kwenye neno "likihesabiwa". Thamani haifuati bei ya sokoni. Inatoka kwenye jedwali la zamani linaloanza na bei ya gari likiwa jipya na kuishusha polepole mno katika miaka ya mwanzo. Gari ambalo ungeliuza leo kwa dola 14,000 linaweza kutozwa kodi kama la dola 18,000. Watu walikwenda mahakamani kupinga jedwali hilo, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaliruhusu liendelee. Limefungwa na hatifungani za zamani za Sound Transit, yaani hati za mikopo yake, ambazo zinatarajiwa kumalizika mwaka 2028. Mimi naona jedwali hili ni kosa. Kodi ya haki inapaswa kumtoza mtu kwa kile alicho nacho mkononi. Lakini ujue kosa hilo ni la nani, usije ukamlaumu gavana kwa jambo lililomo kwenye mkataba wa mkopo wa chombo kingine.

Kwa upande mwingine, hela hiyo unaiona. Treni ilifika Lynnwood Agosti 2024, na Desemba 2025 vikafunguliwa vituo vya kusini, kikiwemo Kent Des Moines, hadi Federal Way.

Sasa habari ya kura ya dola 30, maana imewavuruga watu wengi. Mwaka 1999, mwanaharakati wa kupinga kodi aitwaye Tim Eyman alipeleka kwa wapiga kura mswada namba 695 wa kufuta kodi ya zamani ya asilimia 2.2 ya thamani ya gari na kuweka dola 30 kwa wote. Ukapita. Mahakama ikaubatilisha mwaka uliofuata, ila wabunge, kwa kuogopa hasira ya wananchi, walikuwa wameshaipitisha dola 30 wenyewe. Ndiyo maana ada ya msingi iko hapo mpaka leo. Baadaye ada nyingine zikaongezwa moja moja: ya uzito, za miji, na ile nyongeza ya Sound Transit. Novemba 2019 Eyman akaja na mswada namba 976 wa kuzifuta hizo nazo. Wananchi wakaupitisha tena, na Oktoba 2020 Mahakama ya Juu ikautupa kwa sababu ulibeba mambo zaidi ya moja na maelezo yake kwenye karatasi ya kura yaliwapotosha wapiga kura. Kwa hiyo wenzako wanakumbuka kura ya kweli, na pia wewe unalipa kihalali.

Kuhusu anwani ya Yakima: usithubutu. Anwani ya usajili ni tamko la kisheria, na ukiandika unapoishi ilhali huishi hapo umesema uongo kwa serikali. Juu ya faini, kuna bima. Kampuni ya bima inapanga bei kwa kuangalia gari linalala wapi. Siku ukipata ajali Kent na karatasi zinasema Yakima, wana sababu ya kukataa kulipa, na wewe kazi yako yote iko kwenye hilo gari. Ukiwa na makaratasi ya uhamiaji yanayoendelea, tamko la uongo lina bei kubwa zaidi ya dola 198.

Tuingie kwenye bajeti yenyewe.

Olympia, mji mkuu wa jimbo, haina bajeti moja. Ina tatu: ya uendeshaji, inayolipa shule, afya, magereza na vyuo, ya ujenzi wa majengo, na ya uchukuzi, inayosimama peke yake na mifuko yake. Kila moja ni ya miaka miwili, inaanza Julai 1 ya mwaka wa namba witiri na kuisha Juni 30. Tarehe hiyo ya Julai utaitambua, ndiyo hiyohiyo ya nyumbani. Kwa miaka ya 2023 hadi 2025, bajeti ya uchukuzi ilikuwa takriban dola bilioni 13.5, wakati ile ya uendeshaji ilikuwa karibu bilioni 70.

Ndani ya hiyo ya uchukuzi hawamo wa barabara peke yao. Imo Idara ya Uchukuzi yenye maili zaidi ya 7,000 za barabara kuu na madaraja zaidi ya 3,300. Vimo vivuko vya Puget Sound, ambavyo ni mfumo mkubwa kuliko wote Marekani. Wamo polisi wa jimbo wanaokusimamisha barabarani, na imo Idara ya Leseni. Kwa hiyo ada yako ya leseni ya udereva inasaidia kulipa ofisi iliyokupiga picha na polisi anayeikagua.

Tofauti kubwa na Dodoma ni nani anaandika. Kwetu serikali inaleta bajeti, wabunge wanaijadili, na kuikataa kunaweza kuvunja Bunge. Hapa gavana anatoa pendekezo lake Desemba, na wabunge wana haki ya kuliweka kando na kuandika lao. Safari inaanza miezi kabla: idara zinapeleka maombi yao kwa gavana mwezi Septemba hivi, gavana anatoa pendekezo, halafu Bunge linakutana Jumatatu ya pili ya Januari. Mwaka wa witiri wanakaa siku 105 na kuandika bajeti nzima. Mwaka wa shufwa wanakaa siku 60 na kuirekebisha tu. Kamati za uchukuzi za Seneti na Baraza la Wawakilishi zina uzito wa pekee, kwa sababu zinashika mkono wa kukusanya na mkono wa kutumia kwa pamoja. Kila upande unatoa bajeti yake, wanakaa kitako kuziunganisha, wanapiga kura, na gavana anasaini. Gavana anaweza kufuta kipengele kimoja kimoja bila kuikataa bajeti yote.

Hadi hapo ni utaratibu, na utaratibu haukurushi kwenye barabara ya 167. Kinachokurusha ni namna hela zilivyofungwa.

Mwaka 1944 wapiga kura wa Washington waliongeza kwenye katiba ya jimbo marekebisho ya 18. Yanasema kodi ya mafuta na ada za usajili wa magari zitumike kwa barabara tu. Vivuko vimehesabiwa kuwa sehemu ya barabara, basi na treni hazikuhesabiwa. Ndiyo kusema petroli unayonunua Kent haiwezi kununua basi wala kulipa mwalimu. Mabasi na treni zinaishi kwa mfuko mwingine, unaopata hela kutoka vyanzo kama nyongeza ya kodi ya mauzo ya magari iliyoanza 2003 kwa asilimia 0.3. Na hapa kuna jambo linalowashangaza wengi: uliponunua hiyo Camry ulilipa kodi ya mauzo kubwa, lakini sehemu ya jimbo ya asilimia 6.5 haikwenda barabarani hata senti. Ilikwenda kwenye bajeti ya uendeshaji, kwa shule na hospitali.

Kufunga hela namna hii kuna uzuri wake. Sisi tuna Mfuko wa Barabara kwa sababu hiyohiyo, hela ya dereva isiliwe na mahitaji mengine. Ubaya unakuja ndani ya uzio wenyewe, pale senti zinapogawanywa kabla hazijafika.

Fuata senti pamoja nami. Kwa kiwango kilichoanza Julai 2025, ukijaza galoni 12 unalipa jimbo senti 55.4 kwa kila galoni, yaani kama dola 6.65. Serikali ya Washington DC inachukua senti zake 18.4, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1993. Tuachane na hizo za shirikisho. Senti 55.4 za jimbo ni tabaka juu ya tabaka, kama kuta za nyumba iliyojengwa kwa awamu. Tabaka la chini ni senti 23, lililofika hapo mwaka 1991. Mwaka 2003 ziliongezwa senti 5. Mwaka 2005 zikapitishwa 9.5, zikiingia kwa awamu. Mwaka 2015 zikapitishwa 11.9. Jumla 49.4. Julai 1, 2025 zikaongezwa 6.

Tabaka la 2003, la 2005 na la 2015 yalipitishwa kwa ahadi. Mbunge wa Spokane hapigi kura ya kupandisha kodi bila kwenda nyumbani na kitu, na wa Tacoma vilevile. Basi kila nyongeza ilikuja na orodha ya miradi iliyotajwa kwa jina: daraja jipya linaloelea la barabara ya 520 juu ya Ziwa Washington, lililofunguliwa 2016, handaki la barabara ya 99 chini ya Seattle, lililofunguliwa 2019 badala ya barabara ya juu iliyotikiswa na tetemeko la 2001, na huko kwenu, kuunganisha barabara ya 509 na barabara kuu ya I-5 na kukamilisha 167 kuelekea bandari ya Tacoma. Miradi haisubiri hela ikusanyike senti kwa senti. Jimbo linauza hatifungani, linajenga, halafu linalipa deni na riba kwa miaka mingi. Sehemu kubwa sana ya senti za 2003 na 2005 siku hizi inalipa deni la vitu vilivyokwishajengwa. Zina mwenyewe tayari.

Kinachobaki kwa kuziba viraka, kuweka lami upya, kupaka rangi chuma cha madaraja na kusukuma theluji ni zile senti 23 za zamani kwa kiasi kikubwa. Na karibu nusu ya hizo inakwenda kwa miji na kaunti kwa fomula ya kisheria. Sasa waza senti 23 za mwaka 1991. Ni kiasi cha kudumu kwa galoni, si asilimia ya bei, kwa hiyo bei ya lami, mshahara wa fundi na bei ya chuma vimepanda miaka yote hiyo huku senti zikibaki vilevile. Na magari yananywa mafuta kidogo kuliko zamani, mengine hayanywi kabisa. Mimi nimekaa na vitabu vya bajeti za umma miaka mingi, na sijui mtego wenye adabu kama huu: hakuna aliyeiba, hakuna aliyevunja sheria, kila senti ina risiti, na barabara inachakaa.

Aliyekuwa mkuu wa Idara ya Uchukuzi, Roger Millar, alitumia miaka yake mpaka alipoondoka mwanzoni mwa 2025 kuwaonya wabunge juu ya jambo hili. Aprili mwaka huohuo onyo likapata sura. Kule Pierce, juu ya mto Carbon, kulikuwa na daraja la chuma kwenye barabara ya 165 lililojengwa 1921, mwaka uleule jimbo lilipoanza kutoza kodi ya mafuta, senti moja kwa galoni. Kwa miaka walikuwa wanapunguza uzito wa magari yanayoruhusiwa kupita. Wakaguzi wakakuta nguzo zimechoka zaidi ya walivyodhani, na likafungwa moja kwa moja. Watu wa ng'ambo ile na wageni wa hifadhi ya Mlima Rainier wakapoteza njia yao. Daraja jipya lingegharimu fedha nyingi ambazo hazikuwa kwenye orodha ya miradi ya mtu yeyote.

Utaniuliza kwa nini wabunge wasihamishe hela kutoka miradi mipya kwenda matengenezo. Wanaweza, na mara chache hufanya hivyo kwa kusogeza mradi mbele miaka kadhaa. Lakini mradi mpya una utepe wa kukata na picha ya gazeti, na una mji mzima unaousubiri. Lami iliyowekwa upya kabla haijapasuka haina picha, kwa sababu hakuna kilichotokea. Na ndiyo kazi yenye faida kuliko zote. Barabara ikiwekewa tabaka jembamba la lami mapema inaishi miaka mingi. Ikiachwa mpaka msingi uvunjike, unaichimba yote. Hilo fundi yeyote wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini kule nyumbani, atakuambia.

Na zipo amri zinazoruka foleni. Mwaka 2013 mahakama ya shirikisho iliamuru jimbo lirekebishe makalavati yanayoziba njia ya samaki wa samoni, kwa kuwa mikataba ya karne ya 19 iliwahakikishia makabila ya wenyeji haki ya kuvua. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani iligawanyika nne kwa nne, amri ikabaki. Gharama ni mabilioni ya dola, tarehe ya mwisho ni 2030, na hela inatoka bajeti hiihii ya uchukuzi. Sisemi amri ni mbaya. Makabila yalitoa ardhi yote hii kwa kubakiziwa samaki, na kalavati bovu linavunja ahadi hiyo kila msimu. Nasema tu kwamba mtu anayepanga bajeti anaanza na deni, anafuata na amri ya mahakama, kisha miradi iliyoahidiwa, na mwisho ndipo anafika kwenye shimo lako.

Kwa haki, mwaka 2025 kuna lililobadilika. Zile senti 6 mpya zinakuja na kifungu cha kupanda asilimia 2 kila mwaka kuanzia Julai 2026, kwa hiyo tabaka la kodi halitakaa limeganda miaka thelathini tena. Dizeli iliongezwa zaidi ya hapo. Ni maumivu kwako pampuni, najua, na mshahara wa mtunza wazee haupandi kwa asilimia kila Julai. Ila kwa upande wa hesabu, hiki ndicho kifungu cha maana kuliko vyote vilivyopitishwa tangu niijue bajeti hii.

Magari ya umeme hayajasahauliwa. Mwenye gari la umeme analipa dola 225 kwa mwaka juu ya ada nyingine, fidia ya mafuta asiyonunua. Jimbo pia lilijaribu, kati ya 2018 na 2019, kuwaandikia madereva wapatao 2,000 wa kujitolea bili ya majaribio kwa maili, senti 2.4 kila maili. Majaribio yalikwenda vizuri; Bunge bado halijathubutu. Kwako wewe unayetoka kwa mzee wa Renton kwenda kwa mzee wa Auburn mpaka jioni, tozo ya maili ni jambo la kufuatilia kwa macho mawili. Inampiga anayeendesha sana, bila kujali kipato chake wala kama maili hizo ni za kazi au za matembezi.

Umetaja nyumbani tulifutiwa ada ya mwaka. Ni kweli, mwaka 2017, na siku hiyohiyo ushuru wa mafuta ukapanda shilingi 40 kwa lita. Ada haikufa, ilihamia kwenye pampu. Serikali iliona ni rahisi kukusanya pampuni kuliko kukimbizana na wenye magari yaliyoegeshwa, na wasioendesha wakapumua. Washington imekataa njia hiyo kwa sababu ada ya usajili na ushuru wa mafuta zinafanya kazi mbili tofauti: ya kwanza huja hata watu wakipunguza safari, na baadhi ya hatifungani zimewekewa dhamana na vyote viwili. Mwaka 2020, barabara zilipokuwa tupu kwa corona, mtu yeyote aliyeishika bajeti hii aliona faida ya kuwa na vikapu viwili.

Kuhusu foleni. Usajili wa gari unaofanya dirishani unashughulikiwa na kaunti au na mawakala binafsi walioidhinishwa, na ada ya huduma unayowalipa mawakala inabaki kwao. Ndiyo mshahara wao. Ofisi za leseni ya udereva ndizo za jimbo lenyewe. Hizo zina ugumu wa pekee kibajeti: leseni hutolewa kwa miaka 6 au 8, kwa hiyo mtu akishalipa ya miaka 8 harudi na hela nyingine mpaka muda huo upite. Mapato yanakuja kwa mawimbi, wafanyakazi wanahitaji mshahara kila mwezi. Kama shughuli yako inafanyika mtandaoni, ifanye huko, na usajili wa mwaka unafanyika.

Jambo moja la furaha, kwa kuwa umesema una watoto. Mwaka 2022 Bunge lilipitisha mpango wa miaka 16 uitwao Move Ahead Washington, wenye thamani ya karibu dola bilioni 17, ambao haukupandisha kodi ya petroli. Sehemu kubwa yake inategemea mnada wa vibali vya hewa ya ukaa, unaolipwa na wachafuzi wakubwa, na hela hiyo haijafungwa na marekebisho ya 18. Kutokana na mpango huo, wenye miaka 18 kurudi chini wanapanda mabasi, treni za mjini na vivuko vya jimbo bure. Kama wanao bado wanapewa nauli kila asubuhi, iweke mfukoni.

Mwisho, nani wa kumwambia. Kwanza jua shimo ni la nani. I-5 na 167 ni za jimbo. Mtaa wa nyumba yako ni wa mji wa Kent, na halmashauri ya mji ina bajeti yake na vikao vyake. Kwa za jimbo, una seneta mmoja na wawakilishi wawili. Waandikie Desemba, kabla hawajaingia kikaoni, na uandike mambo matatu tu: namba ya barabara, sehemu yenyewe, na kwamba unataka hela ya matengenezo iongezwe kabla ya mradi mpya. Barua fupi ya mpiga kura au mkazi wa wilaya yao inasomwa na msaidizi na kuwekwa kwenye hesabu.

Kisha bajeti ikitangazwa, kamati za uchukuzi hufanya kikao cha kusikiliza wananchi. Huhitaji kuwa raia, wala kwenda Olympia. Unaweza kutoa maoni kwa video ukiwa kwenye gari lako umeegesha. Muda ni dakika moja au mbili, kwa hiyo andika maneno yako kabla. Anayetaka kuongea lazima ajiandikishe angalau saa moja kabla ya kikao kuanza. Maoni ya maandishi yanapokelewa mpaka saa 24 baada ya hapo, hivyo hata ukitoka zamu usiku wa manane hujachelewa.